Kamanda mmoja au ngazi tatu? Kuchagua mfumo wa kuongoza dharura wilayani

Lori la mafuta limepinduka barabara kuu, nje kidogo ya mji. Trafiki wamefika kwanza, likafuata gari la zimamoto, halafu ambulansi mbili, halafu mwenyekiti wa mtaa na mgambo wake, mwisho Mkuu wa Wilaya na msafara. Kila mmoja ana simu sikioni na bosi anayemuuliza hali ikoje. Nani anaongoza hapo? Hilo ni swali la kujibiwa miezi kabla, mezani. Majibu makubwa yanayotumika duniani ni mawili: mfumo wa Marekani uitwao ICS (Incident Command System, yaani mfumo wa kuamuru tukio), na mfumo wa Uingereza wa ngazi tatu. Anayeandika mpango wa dharura wa wilaya, kaunti, bandari au kiwanda huishia kuchukua mmojawapo, au huichanganya yote miwili bila kujua kwamba ameichanganya.

Hapa tunaipima kwa lori hilohilo. Kipimo chetu ni kimoja: kwa mujibu wa sheria, nani pale barabarani anaweza kumwamuru nani?

Ilikotoka

ICS ilizaliwa na moto wa California wa mwaka 1970. Kwa siku 13 moto uliteketeza ekari zaidi ya nusu milioni na majengo yapatayo 700, na watu 16 wakafa. Vikosi vilivyokuja kusaidiana vilikuwa na redio zisizosikilizana, na jina moja la kazi lilikuwa na maana tofauti kwa kila kikosi. Mradi wa FIRESCOPE ulioundwa baada ya hapo ndio uliotengeneza ICS, na mwaka 2004 serikali kuu ya Marekani ikaufanya kuwa mfumo wa nchi nzima.

Ngazi tatu zilianza na Polisi wa London, baada ya ghasia za Broadwater Farm, Tottenham, Oktoba 1985, alikouawa askari mmoja. Ilionekana kuwa cheo begani hakimwambii mtu afanye kazi gani usiku ule. Zikatengwa kazi tatu zisizofuata cheo: Dhahabu anaamua lengo na mipaka, Fedha anapanga namna ya kulifikia, Shaba anatekeleza. Siku hizi Waingereza wanapendelea kusema mkakati, mbinu na utekelezaji, na sisi tunashauri hivyohivyo, tena kwa sababu yetu wenyewe: "Fedha imefika eneo la tukio" ikisemwa redioni kwa Kiswahili italeta umati usiotakiwa.

Asili hizi zinaeleza karibu kila tofauti inayofuata. ICS ilitengenezwa kwa watu wa kazi moja wanaounganishwa kwa siku nyingi. Ngazi tatu zilitengenezwa kwa tukio la mjini la saa chache, na zikawafaa watu wa kazi tofauti ambao kila mmoja ana sheria yake na mkubwa wake.

| | ICS | Ngazi tatu |
|---|---|---|
| Nani anaamuru | Kamanda wa tukio, au makamanda wa pamoja | Kila chombo kinaamuru watu wake, viongozi wanakutana |
| Nguvu yake | Orodha ya rasilimali, zamu, kumbukumbu | Haigusi sheria za vyombo, inaanza haraka |
| Inapovunjika | Kamanda asiye na madaraka kisheria | Viongozi wasipokutana sehemu moja |
| Mafunzo | Mengi, fomu nyingi | Machache, mazoezi mengi |
| Tukio refu la siku 3 au zaidi | Linabebeka | Linachosha |

Amri

Ndani ya ICS, wa kwanza kufika ndiye kamanda hata awe konstebo, mpaka atakapokabidhi. Makabidhiano hufanywa ana kwa ana, kisha hutangazwa redioni ili kila mtu ajue sauti ya kufuata. Chini ya kamanda kuna sehemu nne: Utekelezaji, Mipango, Ugavi, na Fedha na Utawala. Pembeni yake wapo maafisa watatu wa usalama, habari na mahusiano na vyombo vingine. Hakuna sehemu inayofunguliwa kabla haijahitajika, na kwa tukio dogo kamanda hubeba zote kichwani. Mtu mmoja husimamia watu au vikundi 3 hadi 7, na 5 ndiyo namba nzuri. Ukiona mkuu wa utekelezaji anaitwa na vikundi 11 kwenye redio moja, jua muundo umechelewa kugawanywa.

Shida yake kwetu ni sheria. Afisa wa zimamoto hawezi kumwamuru OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), wala OCD hawezi kumwamuru Mganga Mkuu wa Wilaya. Unaweza kumchora yeyote juu ya mchoro, lakini siku ya tukio kila mtu atampigia simu mkubwa wake halisi. Kenya kikwazo kimeandikwa waziwazi: Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka zimamoto mikononi mwa kaunti, huku polisi wakibaki kwa serikali ya taifa.

ICS ina dawa ya hilo, nayo ni uongozi wa pamoja. Makamanda wawili au watatu wenye madaraka kisheria wanasimama meza moja, wanaandika orodha moja ya malengo, na wanateua mkuu mmoja tu wa Utekelezaji. Sharti hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Wakiwepo wakuu wawili wa utekelezaji, huo ni ujirani, si uongozi wa pamoja. Westgate, Nairobi, Septemba 2013, ilionyesha gharama yake. Kikosi maalumu cha polisi na wanajeshi walikuwa ndani ya jengo moja bila amri moja juu yao. Wanajeshi wakawafyatulia polisi risasi, afisa mmoja wa polisi akafa, na polisi wakatoka nje.

Ngazi tatu zinalikwepa tatizo la sheria kwa kutolileta kabisa. Polisi wanabaki chini ya polisi, zimamoto chini ya zimamoto. Watekelezaji wa kila chombo wako ndani ya utepe unaozuia watu kuingia eneo la tukio. Watu wa mbinu wa vyombo vyote wanasimama sehemu moja karibu na tukio, na watu wa mkakati wako ofisini mbali. Hakuna anayemwamuru mwenzake wa chombo kingine. Wanaambizana, wanakubaliana, kisha kila mmoja anageuka na kuamuru watu wake.

Mfumo mzima basi umening'inia kwenye neno "wanasimama sehemu moja". Tazama Manchester, 22 Mei 2017. Bomu lililipuka saa 4:31 usiku kwenye ukumbi wa tamasha, na watu 22 wakauawa. Wazima moto wa kituo kilichokuwa chini ya kilomita moja kutoka hapo walisikia mlipuko kwa masikio yao. Afisa wao, aliyeshindwa kumpata kwa simu afisa wa zamu wa polisi, akachagua wakutane kituo kingine kilicho umbali wa maili 3, hivyo magari yakaondoka kwenda mbali na tukio. Yalifika ukumbini baada ya saa 2 na dakika 6. Polisi walikuwa wametangaza tahadhari ya shambulio la silaha bila kuwaambia wenzao. Uingereza tayari ilikuwa na mpango wa kitaifa wa kuunganisha vyombo hivi, JESIP, tangu 2012, na kanuni yake ya kwanza ni kukaa pamoja. Redio zao zilikuwa za mtandao mmoja. Kilichokosekana ni watu watatu kusimama kando ya gari moja.

Sasa rudi kwenye lori. Petroli ikimwagika, mwongozo wa kemikali hatari wa Amerika Kaskazini unataka watu waondoke angalau mita 50 pande zote, na ukiwa mwagiko mkubwa ufikirie mita 300 kuelekea upepo unakoelekea. Tangi likishika moto ni mita 800 pande zote. Anayezijua namba hizi ni zimamoto. Mwenye uwezo wa kuusogeza umati ni polisi. Anayesikilizwa na wenye ndoo na madumu ni mwenyekiti wa mtaa. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walikufa baada ya lori la mafuta lililopinduka kulipuka huku wananchi wakichota petroli. Mfumo wowote utakaochagua, upime kwa swali hili: je, namba ya mita inatoka kinywani mwa zimamoto na kuwa amri ya polisi ndani ya dakika 5? Chini ya ICS inakuwa amri ya kamanda, kama polisi walikubali mapema kumtii. Chini ya ngazi tatu inakuwa makubaliano ya watu wawili waliosimama bega kwa bega. Kwa saa ya kwanza, ngazi tatu zinafanya kazi hata pale ambapo hakuna aliyesaini chochote. Ndiyo sababu tunaziona zinafaa zaidi kwa wilaya nyingi za Tanzania kama mahali pa kuanzia.

Zinampa pia Mkuu wa Wilaya kiti. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya maafa ya wilaya na wa Kamati ya Ulinzi na Usalama. Akisimama kwenye utepe, kila afisa anaacha kazi na kumgeukia yeye. Kiti chake ni cha mkakati, nacho kiko ofisini. Anaamua kufunga barabara kuu, kuomba msaada mkoani, kutoa taarifa kwa wananchi, kuidhinisha matumizi. Ziara ya eneo la tukio ipangwe baadaye, iwe fupi na ya muda maalumu.

ICS inalimaliza jambo hilohilo kwa karatasi, na karatasi hiyo ni nzuri kiasi kwamba wenye ngazi tatu nao waiige. Ni hati ya kukasimu madaraka, ukurasa mmoja. Inasema kamanda ni nani, anaamuru vyombo vipi, anaweza kutumia shilingi ngapi bila kuuliza, ataripoti kila baada ya saa ngapi, na madaraka yanakoma lini. Kwa bandari, uwanja wa ndege, kiwanda cha saruji au mgodi, ambako mwajiri ni mmoja na anaweza kusaini hati hiyo leo, hatuoni sababu ya kuhangaika na ngazi tatu. Chukueni ICS.

Rasilimali

Kwenye rasilimali ICS inashinda waziwazi. Ngazi tatu zinaacha kila chombo kijihesabie magari na watu wake, na hesabu hizo hukutana tu pale viongozi wanapokutana. Kwa saa 4 inatosha. Jengo likiporomoka na kazi ikaenda siku tatu, haitoshi.

Kazi yenyewe ni rahisi. Tafuta uwanja au kituo cha mafuta kilichofungwa, kilomita 1 hadi 2 kutoka kwenye tukio, upande upepo unakotokea. Hicho ni kituo cha kusubiri. Kila gari linalokuja linapitia hapo kwanza, na mtu mmoja mwenye kalamu anaandika: chombo gani, watu wangapi, limefika saa ngapi, dereva yuko chaneli gani, tangi la mafuta likoje, linaweza kubaki mpaka lini. Kila gari linapata kadi, na kadi inakaa kwenye ubao wenye safu tatu: LIKO KAZINI, LIKO TAYARI, HALIFAI. Kipande cha plaiwudi cha sentimita 120 kwa 80 na misumari midogo kinatosha. Kompyuta mpakato ni nzuri mpaka chaji iishe au mvua inyeshe. Gari lililoandikwa LIKO TAYARI liweze kuondoka ndani ya dakika 3. Kama dereva ameenda kula, kadi ihamie HALIFAI.

Panapoharibika zaidi ni kwenye maegesho ya ambulansi. Madereva huingia kwa mbele, karibu na majeruhi kadiri wanavyoweza, na ya kwanza kufika inakuwa ya mwisho kutoka kwa sababu nne zimejipanga nyuma yake. Ziegeshwe kwa kinyumenyume, mdomo wa gari kuelekea njia ya kutokea, upande mmoja wa barabara tu. Dereva abaki kwenye usukani. Akiombwa kusaidia kubeba machela, na akikubali, umepoteza gari zima.

Kingine kinachosahaulika ni pesa. ICS ina sehemu nzima ya Fedha na Utawala, na watu huicheka mpaka siku kijiko cha kukodi kinapozimwa saa 8 usiku kwa sababu hakuna aliyesaini bei ya saa wala kuleta dizeli. Andika mapema: nani anasaini, bei ya saa ya kijiko, tingatinga, tipa na boza la maji, saa ya kazi inaanza kuhesabiwa lini, opereta wa zamu ya pili anatoka wapi, chakula chake kinalipwa na nani. Ngazi tatu hazina kiti cha mtu huyu. Mkizichagua, mwekeni mhasibu au afisa ugavi kwenye kundi la mbinu, mkiongozana naye tangu saa ya kwanza.

Halafu kuna wasiokuwa na kisanduku kwenye mchoro wowote. Ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 ikiwa na watu 43, waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 waliokoka. Kwa wilaya ya ziwani au ya pwani, namba ya simu ya mwenyekiti wa BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi) wa kila mwalo ni rasilimali kama lilivyo gari la zimamoto. Iandikwe kwenye orodha, mitumbwi ihesabiwe, na wavuvi wapewe kiongozi mmoja mwenye redio moja badala ya kufukuzwa na filimbi.

Mawasiliano

Kwa ujumbe wa kwanza kutoka eneo la tukio, Waingereza wana kadi bora kuliko fomu yoyote ya ICS. Wanaiita METHANE, na ina mambo saba. Kwa Kiswahili inakwenda hivi: tangaza kama ni tukio kubwa, mahali halisi na alama ya jirani, aina ya tukio, hatari zilizopo na zinazoweza kuja, njia ya kuingilia na ya kutokea, idadi ya majeruhi na hali zao, vyombo vilivyopo na vinavyohitajika. Ichapwe kwenye kadi ya ukubwa wa kitambulisho na kila askari wa doria awe nayo. Hata mkichagua ICS, chukueni kadi hii.

Baada ya hapo ICS inarudi mbele, kwa fomu namba 205, yaani mpango wa redio. Ni jedwali la nani yuko chaneli ipi. Kwa wilaya tatu zinatosha: ya amri, ya utekelezaji, ya ugavi. Chaneli moja ikipita redio 15 zinazozungumza kwa zamu, watu wataanza kukatizana. Lugha iwe ya kawaida, bila namba za siri, kwa kuwa namba za polisi hazijulikani hospitalini. Anayeitwa atajwe kwanza, anayeita afuate: "Kituo cha kusubiri, hapa Kamanda. Leta ambulansi moja njia ya kaskazini." Na jibu lirudie amri yenyewe: "Ambulansi moja, njia ya kaskazini." Roja tupu haimwambii mtu kama umesikia kaskazini au kusini.

Kuhusu vifaa, hapa uchaguzi ni wa pesa zaidi. Redio za mkononi za VHF za wati 5, zikizungumza moja kwa moja bila mnara, zinafika kilomita chache mjini na pungufu ndani ya zege, lakini hazihitaji mtandao wa mtu yeyote. Ukiweka repita (mtambo unaopokea sauti na kuirusha tena) mlimani unafunika wilaya. Repita hiyo ikila ampea 1 ikisubiri na 8 ikirusha, na ikirusha theluthi ya muda, wastani wake ni kama ampea 3.3. Betri ya 100 Ah (ampea-saa) ukitumia nusu yake inakupa saa 15 hivi. Ikitegemea umeme wa gridi bila betri, andika kwenye mpango kwamba huna repita. Redio ya mkononi nayo, kwenye mazungumzo mazito, haimalizi zamu ya saa 12, kwa hiyo nunua betri mbili kwa kila redio kabla ya kununua redio ya ziada. Mtandao wa redio za kidijitali wa TETRA kama wa Uingereza ni mzuri, una kitufe cha dharura na makundi ya kuzungumza, lakini bei yake ni ya nchi, haibebeki na wilaya.

WhatsApp itakuwepo, mtake msitake. Ipeni kazi zake: picha ya namba ya UN ya mzigo iliyobandikwa kwenye lori (petroli ni 1203), alama ya mahali ramani, orodha ya majeruhi waliofikishwa hospitalini. Amri isipite huko. Ujumbe unasomwa dakika 20 baadaye na kutekelezwa kana kwamba ni mpya, na kundi lililoanza na watu 8 likifika 90 yumo mwandishi wa habari na ndugu wa majeruhi. Minara ya simu nayo huelemewa eneo la tukio saa ileile mnapoihitaji.

Kwa hiyo, nani achukue upi

Eneo lenye mwajiri mmoja: ICS ya kamanda mmoja. Kaunti ya Kenya: ICS ya uongozi wa pamoja, makubaliano ya kaunti na polisi yakiwa yamesainiwa, na mkuu wa Utekelezaji akitajwa kwa wadhifa kulingana na aina ya tukio. Wilaya ya Tanzania isiyo na hati yoyote bado: ngazi tatu kwa amri, na kutoka ICS mchukue vitu vitatu tu, yaani kituo cha kusubiri na ubao wake, mpango wa redio, na mtu wa pesa. Hati ya kukasimu ikishapatikana, tukio likipita saa 12 Mkuu wa Wilaya anamtaja kamanda mmoja kwa maandishi na mnahamia ICS kwa zamu inayofuata. Hamisheni wakati wa kubadilishana zamu, kamwe si katikati yake.

Kabla ya kuupitisha mpango, fanyeni zoezi la dakika 90 kwenye uwanja wa mpira, na lori la mchanga likiwa badala ya lori la mafuta. Dakika ya 30, kusanyeni simu zote za mkononi kwenye ndoo, ya Mkuu wa Wilaya ikiwemo. Kinachoendelea kufanya kazi baada ya hapo ndicho kiandikwe kwenye mpango.